Kundi Likichafuka, Usimtafute Mgomvi Kwanza

Jumapili moja, saa mbili usiku, mweka hazina wa mtaa wetu aliweka kundini orodha ya watu kumi na tisa. Kundi lenyewe ni la WhatsApp, lina kaya kama mia moja na arobaini, na tulilianzisha kwa ajili ya mchango wa ulinzi shirikishi, shilingi 5,000 kwa mwezi. Orodha ilikuwa na majina, namba za nyumba na miezi ambayo kila mmoja anadaiwa. Juu yake aliandika: "Hawa ndio wanaotukwamisha."

Hesabu ilikuwa sahihi. Wote kumi na tisa walikuwa wanadaiwa kweli. Lakini haikupita saa moja, ujumbe ukawa umevuka mia mbili. Mama mmoja alikumbushwa mwanawe aliyefungwa. Mpangaji mmoja aliambiwa arudi kwao alikotoka. Watu saba walilefti. Mzee mmoja, ambaye hajawahi kukosa mwezi tangu tuanze, alijaribu kusuluhisha, akajibiwa bila adabu, akaandika kwamba hatatoa tena hata senti mpaka aombwe radhi. Na katika wale kumi na tisa alikuwemo baba mmoja aliyekuwa wiki ya tatu hospitalini akimuuguza mkewe. Jina lake alilikuta humo akiwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi.

Mimi nilikuwa admini. Tulipokaa viongozi siku ya pili, karibu kila mmoja alikuja na jina la mtu: mtoeni fulani, kundi litatulia. Tukamtoa mmoja. Baada ya wiki mbili ugomvi ulirudi, safari hii kuhusu mbwa, na waliokuwa wanatukanana walikuwa watu wengine kabisa, watu tunaowajua kwa upole wao. Tangu hapo nimesoma na kuuliza sana juu ya jambo hili. Ninachoamini sasa ni kwamba ugomvi mwingi wa makundi hauletwi na wagomvi. Unaletwa na namna kundi lilivyoundwa. Ukimtoa mtu ukaacha kundi kama lilivyo, nafasi yake itajazwa na mwingine.

Mpole naye hutukana

Mwaka 2017 watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na Cornell nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio moja lililonifungua macho. Waliwapa watu maswali ya kujibu. Wengine walipata maswali mepesi, wengine magumu ya kuwaharibia siku. Kisha kila mmoja aliombwa aandike maoni yake chini ya habari fulani. Baadhi walikuta maoni ya waliotangulia yana heshima, baadhi walikuta kejeli na matusi. Waliotoka kwenye maswali mepesi na kukuta heshima, 35 kati ya 100 waliandika jambo la kuudhi. Waliotoka kwenye maswali magumu na kukuta matusi, walifika 68 kati ya 100. Hawakuwa watu wa aina mbili. Walikuwa watu wa kawaida tu, waliogawanywa kwa bahati nasibu. Kilichowatofautisha ni hali waliyokuja nayo na kile walichokikuta ukutani.

Ukiligeuza jaribio hilo kuwa maisha yetu, unapata Jumapili usiku ya mtu aliyekosa umeme tangu mchana, kesho ana ada ya mtoto, anafungua simu anakuta mtu amemwaga maneno makali, na chini yake wanne wamecheka. Wa tano kuandika atakuwa mkali kuliko alivyo nyumbani kwake. Ndiyo maana dakika kumi za mwanzo zina uzito kuliko saa zote zinazofuata. Tusi la kwanza likibaki pale bila kuguswa, linakuwa kipimo cha lugha inayoruhusiwa usiku ule.

Haya bwana

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu lugha yetu ina tabia zake na hazijaandikwa kwenye mwongozo wa simu yoyote.

Chukua maneno mawili: "Haya bwana." Yaseme kwa sauti. Unaweza kuyasema ukikubali kwa furaha. Unaweza kuyavuta, haaaya bwana, ukawa umemwambia mtu kwamba humwamini hata kidogo. Unaweza kuyakata, ukawa umefunga mazungumzo. "Hongera zako" inaweza kuwa hongera, inaweza kuwa sindano. "Una akili wewe" vivyo hivyo. Mtu wa pwani husikiliza mvuto wa irabu, huangalia mdomo umepindia wapi, husikia kama kuna msonyo mwishoni. Kwenye maandishi vyote hivyo hupotea, yanabaki maneno makavu, na msomaji anayajazia sauti ya moyo wake mwenyewe.

Watafiti wa Marekani, Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao, walilipima jambo hili kwa barua pepe mwaka 2005. Watu waliandika sentensi, nyingine za dhati na nyingine za kejeli, wakaulizwa: unadhani msomaji ataelewa ulivyokusudia? Walitarajia kueleweka mara 78 kati ya 100. Walieleweka mara 56, yaani si mbali sana na kurusha shilingi juu na kukisia upande utakaoangukia. Waliosema sentensi za namna hiyohiyo kwa sauti walieleweka zaidi ya mara 70. Angalia kwamba mwandishi hajui kwamba hakueleweka. Yeye anaisikia sauti yake kichwani anapoandika, hivyo mtu akimkasirikia, anamwona huyo ndiye mwenye tatizo.

Kuna na mafumbo. Sisi tumelelewa kusema na mtu kupitia ukuta. Jina la kanga linavaliwa, jirani analisoma, ujumbe umefika na hakuna aliyetukanwa. Ufundi huo unafanya kazi kwa sababu fumbo lina mlengwa mmoja, na wengine waliopo wanaujua mkasa. Ukilipeleka kwenye kundi la watu mia na arobaini, linavunjika. Dada mmoja aliandika kwetu, "Kuna watu wana hela za vijora lakini za ulinzi hawana." Alikuwa na mtu wake mmoja kichwani. Walimjibu wanawake sita, kila mmoja akiamini amesemwa yeye.

Utani nao ni hivyohivyo, na huo unaniuma zaidi kwa sababu ni moja ya hazina zetu. Mnyamwezi na Mzaramo wana utani tangu enzi za misafara ya kwenda na kutoka pwani. Mtani anaweza kufika msibani, akajilaza kaburini, akakataa kuinuka mpaka apewe chake, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Lakini utani una masharti. Lazima ujulikane wewe ni nani, mimi ni nani, na babu zetu walikuwa na nini. Kundini kuna namba tu. Mtu anaandika, "Nyie watu wa huko mna njaa," na kwenye skrini kuna tarakimu zinazoanza na 07 au +255, bila jina, bila picha. Aliyeandika anajua ni mtani. Anayesoma anaona mtu asiyemjua akitukana kabila lake. Hata Simba na Yanga, ambao wenyewe huitana watani wa jadi, wamevunja makundi ya harusi.

Kwa hiyo jambo la kwanza tulilolifanya lilikuwa dogo na halikuhitaji kikao: kila mtu aandike jina lake na namba ya nyumba. Wengine walinung'unika. Lakini ukishajua kwamba +255 fulani ni Baba Neema wa nyumba ya kona, yule mwenye genge, vidole vinakuwa na breki. La pili ni kwamba jambo lenye joto lisemwe kwa ujumbe wa sauti au kwa kupigiana simu. Najua ujumbe wa sauti una maadui wengi, hasa ule wa dakika saba. Lakini "samahani ndugu yangu" iliyosemwa kwa sauti huponya kitu ambacho "samahani" iliyoandikwa haikifikii.

Watu wanaotazama

Barazani watu wawili wakibishana, wasikilizaji wana nyuso. Mmoja anakunja paji, mwingine anainuka kujifanya anakwenda msikitini, mzee anakohoa. Wabishi wanaona, wanapunguza. Kundini watu mia moja na thelathini wamekaa kimya, na kimya hicho hakina uso. Anayetukana anakichukulia kuwa wanamuunga mkono. Anayetukanwa naye anakichukulia hivyohivyo, na hiyo ndiyo inayomchoma kuliko tusi lenyewe.

Tena mbele ya hadhira mtu haongei na mwenzake, anaongea na watazamaji. Waswahili wanasema mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Kundini hakuna pa kuchutama. Maneno yamebaki, yamepigwa skrinshoti, yameshafika kundi la wanawake, la vijana na la kanisa. Kukubali kosa hapo ni gharama kubwa mno, kwa hiyo mtu anaendelea kutetea hata asichokiamini.

Dawa yake ni ile ambayo wazee wetu wameitumia siku zote, kuitana pembeni. Admini anayejua kazi haandiki kundini "Fulani acha matusi." Akifanya hivyo ameongeza hadhira. Anamfuata inboksi, tena kwa salamu: "Shikamoo mzee wangu. Nimeona ule ujumbe wa saa mbili. Nakufahamu, najua hukukusudia hivyo. Unaweza kuufuta kabla watu hawajaamka?" Tangu nilipoanza kufanya hivi, wengi sana wamefuta wenyewe. Wengine huniambia kilichokuwa nyuma ya maneno: mtoto mgonjwa, deni, mume aliyeondoka. Kundini nisingeyasikia kamwe.

Na yule aliyetukanwa asisahauliwe. Mara nyingi tunamkimbilia mkosaji kumtuliza, na aliyeumia anabaki peke yake akiamini mtaa mzima umemgeuka. Ujumbe mmoja tu wa faragha, "Nimeona, haikuwa haki, tunalishughulikia," humzuia asijibu.

Kuhusu kujibu, nasaha ni ya zamani kuliko WhatsApp. Oktoba 1995, Sally Hambridge wa kampuni ya Intel aliandika mwongozo wa adabu za mtandao, uliopewa namba RFC 1855. Humo mna ushauri wa kusubiri mpaka kesho yake kabla ya kutuma jibu lililoandikwa kwa hasira. Wakati huo watu walikuwa kwenye barua pepe na kompyuta za mezani. Simu ya mkononi imekifuta kile kipindi kati ya kukasirika na kujibu.

Saa za watu haziko sawa

Ukoo wetu una kundi lenye ndugu walioko Dar es Salaam, Tanga, Nairobi, Muscat na Toronto. Kwa muda mrefu hatukuelewa kwa nini ugomvi wetu haufi. Jibu lilikuwa saa. Saa nne usiku ya Dar es Salaam ni saa tisa alasiri ya Toronto wakati wa kiangazi chao. Huku tunarushiana maneno, yule wa Toronto yuko kazini. Anatoka, anapanda basi, anafungua simu, anakuta ujumbe mia tatu. Anasoma kuanzia juu. Anafika ule wa kwanza wenye kuudhi na kuujibu papo hapo, kabla hajafika pale ambapo huku tulishaombana radhi na kwenda kulala. Tukiamka asubuhi, moto umewaka upya, na aliyeuwasha hajui kwamba ulikuwa umezimika.

Siku hizi ugomvi ukiisha, mtu mmoja mwenye heshima huandika mistari miwili: limekwisha, tumekubaliana hivi, anayeamka sasa aanzie hapa. Maneno hayo yanabandikwa juu ya kundi. Huwezi kuamini jinsi yalivyotusaidia.

Idadi nayo ina nguvu zake. Mwaka 2016 WhatsApp ilipandisha ukubwa wa kundi kutoka watu 100 hadi 256. Mwaka 2022 ikawa 512, na kabla mwaka haujaisha, 1,024. Watu elfu moja hawawezi kuzungumza. Wanaweza kutangaziwa, wanaweza kupiga kura. Anayefungua kundi la watu mia sita na kuruhusu kila mtu aandike saa yoyote amejenga uwanja wa mpira na kuuita sebule. Tangu mwaka 2018 kuna mpangilio wa kuwaachia admini peke yao kuandika, na kwa kundi kubwa la matangazo, huo si udikteta. Wekeni matangazo huko, na mazungumzo yakae kwenye vikundi vidogo vya shina kwa shina.

Salamu ni mfano mzuri wa idadi inavyogeuza adabu kuwa kero. Kwetu anayeanza kusema bila kusalimu hana malezi. Lakini watu mia na arobaini wakisalimu kila alfajiri na kujibiwa, pamoja na picha za maua na aya, tangazo la maji kukatika linazama. Sikubaliani na wanaopiga marufuku salamu. Tulikubaliana tu kwamba salamu iwe mstari wa kwanza wa ujumbe wenye jambo, na isijibiwe. Msiba nao tuliutafutia nafasi yake: taarifa ya kifo ikiwekwa, mengine yote yanasimama kwa saa sita. Hilo halikupingwa na mtu hata mmoja.

Kanuni zisizosomwa

Karibu kila kundi lina kanuni, na karibu hakuna anayezijua, kwa sababu zilitumwa siku ya kwanza na kufunikwa na ujumbe elfu nane. Mtafiti J. Nathan Matias alichapisha mwaka 2019 utafiti uliofanywa kwenye jukwaa kubwa la sayansi ndani ya Reddit, mtandao wa mijadala, katika mijadala 2,190. Kwenye baadhi ya mijadala kanuni zilibandikwa juu kabisa, kwenye mingine hazikubandikwa. Zilipobandikwa, uwezekano wa mgeni kuandika maoni yanayofuata kanuni ulipanda kwa zaidi ya nafasi 8 kati ya 100. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba ushiriki wa wageni uliongezeka kwa wastani wa asilimia 70. Tulizoea kudhani kanuni huwaogopesha watu. Kumbe kuna watu wengi wanaokaa kimya kwa kuogopa fujo, na wanapoona kwamba mahali pana mwenyewe, wanathubutu kuongea.

Za kwetu ni sita, zinaingia kwenye skrini moja bila kusogeza, na zinarudiwa kila tarehe mosi. Ninayoipigania kuliko zote ni ile inayosema kundi ni la nini. Kundi la ulinzi ni la ulinzi na usafi. Siasa, biashara ya mafuta ya nywele na mahubiri yana makundi yake. Sisemi hivyo kwa kuyadharau. Mtu aliyejiunga ili ajue zamu ya mlinzi akishushiwa kampeni, anaona ametekwa, na mtu aliyetekwa hujibu kwa ukali.

Kanuni bila hatua ni karatasi tu, lakini hatua kali mno nayo huharibu. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza namna watu wa kawaida wanavyotunza mali ya pamoja: mifereji ya maji, misitu, malisho, uvuvi. Katika jamii zilizodumu aliona mambo yanayojirudia. Waliohusika ndio walioweka kanuni. Walisimamiana wenyewe. Adhabu ilianza ndogo, ikapanda kadiri mtu alivyorudia. Na palikuwa na mahali pa karibu na rahisi pa kusuluhishia.

Mwanamke yeyote wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana fedha, atakwambia hayo bila kupitia chuo. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, ili mtu mmoja asiwe na kundi mkononi. Kuchelewa kuna faini yake, kuongea simu kikaoni kuna yake, na zote ziliamuliwa na wanachama wenyewe. Hatufukuzi mtu kwa kuchelewa mara moja. Sijui kwa nini tukihamia kwenye simu tunaisahau hekima hiyo, tukampa mtu mmoja funguo zote, naye akawa na kitu kimoja tu cha kufanya: kumtoa mtu. Sasa sisi ni admini watatu, mmoja mwanamke, mmoja mpangaji, na hakuna anayemtoa mtu bila mwingine kukubali. Mara ya kwanza mtu anaitwa pembeni. Mara ya pili ujumbe unafutwa na anaelezwa sababu. Mara ya tatu anatoka siku saba, kisha anarudishwa kwa kukaribishwa kwa jina. Kurudishwa huko kuna uzito kuliko kutolewa. Aliyetolewa moja kwa moja bado ni jirani yako, bado mnapishana kwenye bomba.

Uvumi hauna utani

Kuna mambo ambayo hayasubiri mara ya pili wala ya tatu. Wakenya wanayajua kwa machungu. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo ziliua watu zaidi ya 1,100 na kuwahamisha mamia ya maelfu, ujumbe mfupi wa simu ulibeba uvumi na uchochezi kutoka mkono hadi mkono. Baada ya hapo ndipo ilipoundwa Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano. Aprili 2022 tume hiyo ilitoa orodha ya maneno ya chuki, na ndani yake mlikuwa na "madoadoa" na "kwekwe". Ni Kiswahili cha kila siku, cha nguo iliyochafuka na cha shamba. Yalipogeuzwa kuwa majina ya majirani, yakawa maneno ya kuondoa watu ardhini. Kwa hiyo admini anayetegemea orodha ya matusi atapitwa. Inabidi asome neno linamwelekea nani, na linamwita afanyweje.

Mtu akiandika kundini kwamba watu wa kabila au dini fulani "waondolewe," ujumbe unatoka hapohapo, mwandishi anatoka hapohapo, na maelezo yanatolewa kwa wote. Hakuna kuitana pembeni. Vivyo hivyo picha za maiti wa ajali, picha za faragha za mtu, na tuhuma kwamba fulani ni mwizi wa watoto. Hiyo ya mwisho inaweza kumuua mtu kabla jua halijachwa. Sheria nazo zipo, ya makosa ya mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 na ile ya Kenya ya mwaka 2018, na zote zilitungwa zikigusa taarifa za uongo na unyanyasaji wa mtandaoni. Lakini polisi hufika maneno yakiwa yameshatoka.

Kinachosaidia hapo ni kupunguza mwendo. Mwaka 2019 WhatsApp iliweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa makundi au watu watano kwa mkupuo. Aprili 2020 ikashusha zaidi: ujumbe ambao tayari umesambazwa mara nyingi upelekwe sehemu moja tu kwa wakati. Kampuni yenyewe ilisema baada ya wiki chache kwamba ujumbe wa aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Hakuna aliyekatazwa kusema. Mkono ulicheleweshwa kidogo tu. Kwetu tumeongeza swali moja, na sasa hata watoto wanaliuliza: umeona kwa macho, au umetumiwa?

Ustaarabu usiwe kitambaa cha kuziba mdomo

Sasa nifike kwenye jambo linalonitia hofu kuliko matusi. Nimeona makundi matulivu kabisa, yenye "Amina" na "Barikiwa" kutwa nzima, ambayo ndani yake kuna mtu anakula michango. Akitokea mmoja akauliza, "Naomba kujua mchango wa msiba ulibaki kiasi gani," anaambiwa tuheshimiane, usituletee siasa, huu si wakati wake. Kwa hakika aliyeuliza ndiye mstaarabu pale. Kuuliza hesabu si tusi. Kupinga hoja ya mzee kwa lugha nzuri si utovu wa adabu. Kundi ambalo amani yake inategemea watu kutouliza halina amani.

Wanaonyamazishwa mara nyingi ni walewale. Kijana, kwa sababu ameanza na shikamoo na hawezi tena kupinga. Mpangaji, kwa sababu "hana nyumba hapa." Na mwanamke, kwa sababu hoja yake haijibiwi kwa hoja, inajibiwa kwa ndoa yake, umbo lake au mavazi yake. Nimeona wanawake wenye akili nyingi wakiacha kuandika kabisa, na watu wakasema kundi limetulia. Kwa hiyo tuliweka mambo mawili. Hesabu inawekwa kila mwezi kabla ya kuulizwa, mapato na matumizi, pamoja na picha ya stakabadhi. Na anayeona ugumu kuuliza kwa jina lake anamtumia admini mmoja, naye anauliza kwa niaba yake bila kumtaja.

Nusu ya mafanikio ya mjadala imo kwenye swali lenyewe. "Wadau, tufanyeje kuhusu taka?" huzaa ujumbe mia na ugomvi mmoja. "Gari la taka lije Jumanne au Ijumaa? Tunapiga kura, mwisho Alhamisi saa mbili usiku" huzaa jibu. Kura zilikuja WhatsApp mwishoni mwa 2022, na zimekuwa msaada mkubwa kwa wasioweza kuandika kwa kujiamini. Muda ukiisha, katibu anaandika kilichoamuliwa, nani atafanya, lini. Mistari mitatu. Mjadala usiofungwa hauishi, unalala tu.

Na kuna yasiyofaa kuingia kundini hata kwa swali zuri: mpaka wa kiwanja, tuhuma za wizi, nani alipe bili ya mbwa aliyeuma mtoto. Haya tunayapeleka chini ya mwembe kwa mjumbe, Jumapili jioni, watu wakiwa wamekaa na kuonana.

Yule mtu tuliyemtoa mwanzoni tulimrudisha, na leo ni mmoja wa wanaosimamia zamu za walinzi. Mweka hazina haandiki tena majina. Anaweka jumla: kaya ngapi zimelipa, ngapi bado, na kila anayedaiwa anapata ujumbe wake peke yake. Alikwenda hospitali kumwona yule mama mgonjwa, wakakaa nje ya wodi na mumewe kwa muda mrefu, na walichozungumza hakutuambia. Kwa yule mzee tulikwenda nyumbani kwake watu watatu, bila simu mkononi, pamoja na kijana aliyemjibu vibaya. Mzee hakuandika chochote kundini baada ya hapo. Mwisho wa mwezi alimkuta mweka hazina dukani, akampa noti ya elfu kumi na ya elfu tano, miezi yake mitatu, akaomba stakabadhi.